Kiti Kinachotazama Ukuta

Kiti kilikuwa kimegeuka.

Maulidi alikiona aliporudi kutoka msikitini baada ya sala ya Alasiri. Kilikuwa kiti cha plastiki cha bluu, cha marehemu mkewe, na kwa siku arobaini na tatu kilikuwa kimekaa jikoni kikitazama jiko la mkaa. Sasa kilitazama ukuta, kwa karibu sana, kiasi kwamba mtu mwenye magoti asingeweza kukikalia. Alidhani ni upepo wa ziwani. Akakirudisha, akasema Bismillahi, akaenda chumba cha pili kufanya kazi.

Kazi yake ilikuwa kutafsiri tamthilia. Alikaa hapo nyumbani kwake Katubuka, hedifoni masikioni, maiki mbele yake, akieleza kwa Kiswahili mambo ya watu wa nje, na sauti yake ilijulikana kuanzia Ujiji mpaka Simbo. Watu walimpenda kwa sababu hakutafsiri maneno tu, alifafanua hata alama zilizofichwa kwenye picha. Tamthilia iliyomjengea jina ilihusu binti aliyepotea katika mji mmoja wa baridi. Kila sehemu ilikuwa na kiti kilichogeuzwa ukutani, nyuma ya watu wanaoongea, na wengi wasingekiona kama Maulidi asingewaonyesha.

"Watazamaji wangu," alikuwa akisema, "kiti kikitazama ukuta, mjue ndani ya nyumba hiyo yumo mtu anayejua, na amenyamaza."

Nyumba yake ilikuwa na utaratibu. Akiwa anarekodi, hakuna kuita wala kufungua mlango, maana maiki hunasa kila kitu. Shadia, mkewe, aligonga ukuta wa jikoni kwa mwiko. Mara moja, chakula tayari. Mara mbili, kuna mgeni. Mara tatu, njoo. Katika miaka sita ya ndoa aligonga mara tatu siku moja tu. Siku hiyo pumu ilimbana akikaanga samaki aina ya migebuka kwa mafuta ya mawese, na dawa yake ya kuvuta ilikuwa kwenye meza ya mumewe, upande wa pili wa ukuta.

"Nilikuwa na hedifoni, mama," Maulidi alimwambia mkwewe, Bi Semeni, mbele ya waombolezaji. "Sikusikia kitu. Wallahi, sikusikia."

Bi Semeni alimshika kichwa kwa mikono miwili. "Ni kadari ya Mungu, mwanangu. Usijitese." Shadia alikuwa mtoto wake pekee. Tangu siku hiyo alimletea Maulidi chakula kila Ijumaa, akakaa akimtazama mpaka amalize.

Jioni ile ya kiti, Alphonce alipita. Yeye ndiye mwenye duka la kujaza filamu kwenye flashi za watu, na alikuwa Muha asiyejua kunong'ona hata kwenye salamu.

"Mwidiwe, kaka! Wateja wataniua. Ile sehemu ya kumi na moja, pale unaposema, 'Sikilizeni, watazamaji, kuna mtu anagonga.' Kweli mapigo yanasikika, ko, ko, ko. Lakini kwenye picha binti yuko katikati ya theluji. Mlango uko wapi?"

"Ni alama," Maulidi alisema.

"Alama ya nini? Jana wamebishana mpaka mmoja kamwagia mwenzie chai. Mmoja anasema ni roho ya binti, mwingine anasema ni muuaji."

"Utaona mbele."

"Haya bwana, mtu wa mafumbo." Alphonce alivuta pua. "Lakini unaunguza mawese huko jikoni."

Maulidi hakuwa amewasha jiko tangu asubuhi.

Ukweli alikuwa nao mwenyewe. Siku ile alisikia. Hedifoni zilikuwa za bei rahisi, na mapigo ya mwiko yalipita wazi, matatu, ya mwisho hafifu kuliko ya kwanza. Zilikuwa zimebaki dakika kumi na tisa sehemu imalizike, na angesimama angelazimika kuanza upya. Akawaza kwamba labda mkaa umekwisha, labda anataka chumvi. Ili mapigo yasiharibu kazi, akayaingiza kwenye hadithi. Sikilizeni, watazamaji, kuna mtu anagonga. Kisha akaendelea mpaka mwisho.

Kesho yake, baada ya Alphonce kupita, kiti kilikuwa kimegeuka tena. Alikirudisha, kikageuka alipokuwa akitia udhu. Alasiri akakaa kurekodi sehemu ya kumi na mbili, na alipofika katikati akasikia ko, ko, ko, si kutoka ukutani, bali ndani ya hedifoni zenyewe. Akazivua haraka, na chumba kilikuwa kimya. Akarudisha rekodi nyuma asikilize, na hapo akasikia sauti yake mwenyewe ikisema maneno aliyoyasema, kisha ikaendelea mahali ambapo alikuwa amefunga mdomo, taratibu, kwa adabu ileile anayozungumza nayo na watazamaji, ikisema kwamba kiti kimegeuka na ndani ya nyumba hii yumo mtu anayejua, huku nyuma ya sauti hiyo kukisikika pumzi ya mtu anayevuta hewa isiyoingia, inavutwa na kukwama, inavutwa na kukwama, na harufu ya mawese yaliyoungua ikajaa chumbani mpaka machozi yakamtoka.

Alisoma Ayatul Kursiyyu. Alipofika katikati, akasahau.

Ijumaa Bi Semeni alikuja bila chakula. Alisimama mlangoni akihema kama aliyepanda mlima, yeye ambaye hakuwahi kuugua kifua.

"Mwanangu, Shadia ananigongea," alinong'ona. "Kila Magharibi, mlango wa uani. Mara tatu. Jana nilifika nikashika komeo. Leo nitamfungulia."

"Usifungue, mama! Huyo si yeye."

"Sasa ni nani? Wewe unajua?"

Maulidi alimketisha, akakimbia kumwita Maalim Songoro, mzee aliyewasomea watu wenye majini tangu enzi za baba yake.

Maalim alifukiza ubani, akasoma juu ya maji, akanyunyiza pembe zote. Jikoni, kiti kiligeuka mbele ya macho yao, polepole, miguu ikikwaruza sakafu. Bi Semeni alishika koo. Mzee akasoma kwa nguvu zaidi, kisha akanyamaza ghafla.

"Kitu hiki hakitoki," alisema kwa sauti ya chini. "Humu ndani kuna kiapo, nacho ndicho kinachokilisha. Nani aliapa kwa jina la Mungu ilhali anajua ni uongo?"

Upande wa pili wa ukuta, chumbani ambamo hamkuwa na mtu, kitu kikagonga. Mara moja. Mara mbili. Bi Semeni alikuwa ameanza kuinuka, midomo imekuwa ya kijivu, mkono ameunyoosha kuelekea mlango, na Maulidi akaona kwamba pigo la tatu likipigwa yule mama atakwenda na hatarudi.

"Nilimsikia!" alipiga kelele. "Mama, nilimsikia. Alinigongea mara tatu, sikwenda. Nilikuwa namalizia kazi. Niliapa uongo."

Pigo la tatu halikuja. Bi Semeni alivuta pumzi ndefu, akaketi.

Hakumtazama. "Kugonga na mwiko nilimfundisha mimi," alisema. "Tangu akiwa mdogo, nisipate usumbufu wa kuitwaitwa. Siku ya saba ya msiba, jirani aliwasha ile sehemu ya kumi na moja. Nilitambua mkono wa mwanangu."

"Ulijua, mama?"

"Nilijua. Nikajiambia labda nimekosea, maana nimebaki na wewe tu. Hata kwangu kuna kiti kilichogeuka." Alijifunga kanga yake vizuri. "Usiniite mama. Si leo."

Akaondoka. Maalim alimwamuru Maulidi kufunga siku tatu kwa ajili ya kiapo, na kutubu kila sala. Harufu ilikuwa imekwisha.

Siku ya tatu ya funga, Alphonce alipiga simu.

"Kaka, umefuta yale mapigo?"

"Sijagusa kitu."

"Hayapo! Flashi zote, hata zilizotoka mwezi uliopita. Unasema, 'Sikilizeni, watazamaji, kuna mtu anagonga,' halafu kimya. Watu wananiuliza wasikilize nini."

Maulidi alikata simu. Jua lilikuwa linazama. Alikwenda jikoni na tende zake na kikombe cha maji, akakaa kwa mara ya kwanza kwenye kiti cha bluu, akitazama jiko lililozimika. Ijumaa ilikuwa imepita na hakuna aliyeleta chakula. Aliposikia adhana, akainua tende.

Ukuta ukagongwa, kutoka chumba cha kazi.

Tende ikaanguka. Ukagongwa tena, na pigo hili lilikuwa hafifu kuliko la kwanza.

Safari hii aliinuka kwenda kabla ya la tatu.