Miaka Mitano Katika Mchana Mmoja

Yai la kioo lilisimama katikati ya chumba, likinguruma taratibu kama mzinga wa nyuki. Ndani yake alikuwa amefungwa mikanda msichana mmoja, macho ameyafumba. Juu ya kioo maandishi ya kijani yalisomeka: mwaka wa tatu. Ghafla midomo ya yule msichana ikafunguka.

"Abee, mama!"

Ngurumo ikakatika. Maandishi yakageuka mekundu, na mashine ikatamka neno moja kwa upole: "Hafai."

Msichana alitolewa akilia. Nyamizi, aliyekuwa akingoja zamu yake kwenye benchi, alitazama chini.

Mashine hiyo iliitwa kionjamiaka. Zamani watu walianza masomo ya uzamivu bila kujua kama yanawafaa. Wengine waliacha katikati, wengine waliharibikiwa na akili kwa upweke. Ndipo wahandisi wa Nyumba ya Uzamivu, jijini Tabora, wakatengeneza chombo cha kumwonjesha mtu miaka mitano ya utafiti katika mchana mmoja. Mwili ulilala, lakini ubongo uliiishi miaka yote. Aliyeambiwa hafai hakuruhusiwa kujaribu tena maishani.

"Haya, Mnyamwezi, zamu yako," alisema Mwinyikondo, fundi wa mashine, Mzaramo mwenye tumbo la kutangulia. "Babu zako walibeba pembe za ndovu mpaka kwetu pwani. Wewe unabeba miaka mitano tu, tena umelala."

"Na ninyi mlikuwa mmekaa mnatungoja mle vya kwetu," Nyamizi akamjibu mtani wake.

Mwinyikondo alimfunga mikanda. "Wenzako wamekuambia siri?"

"Ukiitwa, usiitike. Ni mtego wa mashine."

Mwinyikondo alifungua kinywa kama anayetaka kusema kitu, kisha akafunga mlango wa yai.

Mwaka wa kwanza ulikuwa wa furaha. Nyamizi alijiona katika maabara yake mwenyewe, na mbele yake kulikuwa na swali alilokuwa nalo tangu utotoni, alipokuwa akimenya karanga na baba yake: kwa nini ndani ya ganda moja, punje moja huingiwa na sumukuvu, ile sumu ya ukungu, na jirani yake hubaki salama? Aliuliza hili, akajaribu lile. Alikuwa akisahau hata kula.

Mwaka wa pili majaribio yalianza kuharibika. Sampuli zilioza, msimamizi wake akatikisa kichwa, naye Nyamizi akaanza upya. Akaanza upya tena.

Mwaka wa tatu ndipo aliposikia sauti.

"Nyamizi wee! Nyamizi!"

Ilikuwa sauti ya baba yake, vilevile alivyokuwa akimwita kutoka ng'ambo ya shamba. Ulimi wake uliinuka wenyewe. Nyamizi hakuwahi kuitwa na baba yake akanyamaza. Kwao, mtoto wa kike asiyeitika alihesabiwa amekufa au amelaaniwa. Akauuma ulimi mpaka akaonja damu.

Sauti ilirudi wakati wa masika na wakati wa kiangazi. Alijifunza kufungulia bomba la maji ili asiisikie. Mwaka wa nne ikaanza kukwaruza. Mwaka wa mwisho iliita mara moja tu, na haikulimaliza jina lake.

"Anafaa," mashine ikasema.

Alipofumbua macho, Profesa Felista Mbuke alikuwa amesimama mbele yake, mama mnyoofu mwenye mvi zilizokatwa fupi. Mkononi alishika bamba jeusi lililokuwa na alama ya dole gumba inayong'aa.

"Hongera, binti. Ni muda mrefu sijaona mtu akitulia hivi. Weka dole lako hapa, na nafasi ni yako."

Nyamizi alijaribu kutabasamu. "Ile sauti, Profesa. Mmeiiga vizuri mno."

Mwinyikondo akainamia kandambili zake. Safari hii hakuwa na utani.

"Hatuigi," alisema Profesa. "Sauti ya kuigwa ubongo huikataa. Sisi humwalika mzazi mwenyewe. Anaita, na mashine inatawanya sauti yake katika miaka."

Alibonyeza kitufe. Ukuta ukasogea pembeni. Nyuma yake, mbele ya kipaza sauti, aliketi Mzee Kapalata ndani ya koti lake la kanisani, ameshika kikombe cha chai ya tangawizi kwa mikono miwili.

"Baba!"

Mzee alijaribu kujibu, ikatoka pumzi tu. Akanywa, akakohoa. "Nimekuita mchana kutwa," alinong'ona.

"Nilisikia, baba. Nilidhani ni mashine."

Lakini aliposema hivyo alijua si kweli yote. Mwaka ule wa tatu aliitambua sauti ile kwa mwili mzima.

"Walinieleza mapema," mzee akaendelea. "Ukiitika, umeshindwa. Basi nikawa naita huku naomba usiitike." Akakitazama kikombe. "Halafu usipoitika, mwanangu, ikaniuma."

Nyamizi akamgeukia Profesa. "Wewe ulipolala humu, nani alikuita?"

"Mama."

"Ukaitika?"

"Nisingekuwa hapa."

"Na hawa wanaoitengeneza mashine?"

"Wote wamepita humo. Wote walifaa."

Nyamizi alilitazama bamba. Alitaka kulibonyeza, alikuwa ameitaka nafasi hiyo tangu akiwa mdogo, vidole vyake vikinuka vumbi la karanga. Akajaribu kukumbuka mwaka wa nne alikuwa akitafuta nini. Hakukumbuka. Alikumbuka bomba na maji.

"Profesa, mwaka wa nne niliuliza nini?"

Profesa akagusa kioo, akasoma. "Hukuuliza swali hata moja. Na wa tano pia. Lakini hukuondoka. Ndicho tunachopima."

"Basi hizo karanga nani alikuwa anaziangalia?"

"Utafiti ni uvumilivu, binti. Maswali yatarudi."

"Kwako yalirudi?"

Profesa alisogeza bamba karibu zaidi, macho yake yakiwa kwenye kioo.

"Bonyeza, Nyamizi!" Mzee Kapalata alinong'ona kwa hasira. "Koo limenikauka, halafu unasimama hapo? Nimeita bure?"

Machozi yalimjia. Aliinua dole gumba, likabaki hewani. Kisha akauficha mkono ndani ya khanga yake, na alama kwenye bamba ikafifia mpaka ikazimika.

"Mlango huu haufunguki mara mbili," alisema Profesa. Hakuwa na hasira. Alionekana amechoka.

"Najua," alisema Nyamizi, ingawa hakuwa na hakika kama anajua.

Mwinyikondo aliwasindikiza hadi kwenye lifti. "Leo makubwa," alijaribu. "Mnyamwezi ametua mzigo njiani." Kisha akarudi polepole.

Lifti ilianza kushuka. Nje ya kioo, vyombo vya angani vilipishana kati ya maghorofa. Mzee alitazama upande wake, binti upande wake. Nyamizi aliwaza maabara ambayo hatakuwa nayo, na punje mbili ndani ya ganda moja. Huenda alikuwa amekosea. Huenda alifaa kweli, na hilo ndilo lililomtisha.

"Nyamizi." Sauti ilikuwa nyembamba, haifiki hata mlangoni.

"Abee, baba."

Akangoja. Mzee alimeza mate kwa taabu.

"Hakuna kitu," alisema. "Nilitaka kusikia tu."

Lifti ikafika chini, milango ikafunguka, na hakuna kati yao aliyetangulia kutoka.