Kiti cha Desmond Kwenye Theluji

"Dada, tupige nyingine, hapo nilifumba macho!"

"Haya, sogeeni. Karibu zaidi jamani, mbona kama mmegombana?"

Maharusi wakacheka, wakakumbatiana mbele ya Haragwe, lile dude la chuma linalong'aa kama kioo ambalo mgeni wa Chicago haondoki bila kupiga nalo picha. Renata akavua glovu, akabonyeza. Kazi yake ilikuwa kutembeza watalii, na nusu ya kazi hiyo ni kuwapiga picha watu wanaopendana. Januari hii ilikuwa inamuua, na si baridi tu.

"Na wewe dada, una picha ngapi hapa na shemeji?" bibi harusi akauliza.

"Hata moja."

"Muongo!"

"Mume wangu ni mtu wa hapa hapa. Watu wa hapa hawaji hapa."

Kundi zima likacheka. Renata naye akacheka kicheko chake cha kazini, halafu akageuka, akajifanya anatafuta kitu kwenye mkoba.

Ni kweli Desmond hakuwahi kuja. Alikuwa fundi wa lifti. Kutwa alipanda na kushuka ndani ya maghorofa ambayo watu hupanda ndege kuja kuyaona, tochi kichwani, na dirishani hachungulii. Renata alimwomba jambo moja tu: siku ya kumbukumbu ya ndoa yao, aje kwenye matembezi yake, wapige picha moja. Desmond akaahidi. Siku hiyo, mwezi Oktoba, Renata aliwasimamisha wageni wa watu kwenye upepo mpaka wakaanza kununa, na mume hakutokea. Nyumbani kukawaka moto.

"Nimetoka kazini nimechoka, Renata! Niende nikalitazame Haragwe kama mshamba?"

"Sikukuita ulitazame Haragwe. Nilikuita unitazame mimi!"

"Basi tafuta mtalii akuoe."

Asubuhi gari lake halikuwepo. Alikuwa ameenda kwa kaka yake, mji jirani wa Milwaukee.

Renata akabaki na meza ya watu wawili. Alisubiri simu, kiburi kikamzuia kupiga, na kiburi cha mwenzake kikamzuia vilevile. Halafu mkesha wa Krismasi ujumbe ukaingia:

"Nimeona mwenyewe. Kila la heri, Renata."

Hapo kiburi akakitupa. Akapiga, haikupokelewa. Akapiga tena mpaka akaona aibu. Akavuka barabara kwenda kwa jirani yake, bibi Halina.

"Ameona nini, bibi? Mimi nimefanya nini?"

"Labda ameona nyota. Kunywa supu, mwanangu."

Alikunywa ile supu huku akilia, na mpaka leo hakuwa amepata jibu.

"Samahani," bwana harusi akasema, akinyoosha kidole. "Yule naye yuko kwenye kundi letu?"

Renata akageuka. Kitu cha kwanza kukiona kilikuwa kiti. Kiti cha jikoni, cha mbao, cha buluu, mguu mmoja umefungwa waya. Halafu akamwona aliyekibeba, kofia hadi kwenye nyusi, anakuja kwa hasira akikanyaga theluji.

"Desmond!"

"Usiniite. Nimekuja kukwambia ana kwa ana, nguo zangu utanitumia, na hiki nimechukua."

"Umekitoa barabarani?"

"Ndiyo! Na huyo bwana wako akitaka pa kuegesha gari, mwambie aweke kiti cha kwao. Hiki alinitengenezea baba yangu!"

Bibi harusi akamnong'oneza Renata, "Dada, kiti cha nini?"

"Huku kwetu ukifukua theluji mahali pa gari, unaweka kiti. Nafasi inakuwa yako, hagusi mtu," Renata akajibu, macho hayatoki kwa Desmond. "Bwana gani, Desmond?"

"Usinifanye mjinga. Mkesha wa Krismasi nilikuja. Nilikuwa na keki mkononi, nimejiandaa kupiga magoti. Nafika, nakuta nafasi mbele ya mlango imefukuliwa, safi, na katikati kiti changu! Wewe hata leseni huna. Nafasi ya gari la nani hiyo?"

Simu ya Renata ikaita. Kwa kofia aliyokuwa amevaa hawezi kuiweka sikioni, akabonyeza spika. Bibi Halina hasikii vizuri, kwa hiyo huongea kama anaita ng'ambo ya mto.

"RENATA! TUMEIBIWA! MWIZI AMEBEBA KITI CHA DESMOND!"

"Bibi, subiri kid—"

"NILIKWAMBIA! TANGU THELUJI YA KWANZA UNAVUNJA MGONGO KUMFUKULIA NAFASI MUME ASIYEKUWEPO! MTAA MZIMA UNAKUCHEKA! ETI AKIRUDI AKUTE MAHALI PAKE! SASA ATAKUTA NINI?"

Desmond akakiweka kiti chini taratibu. Uso wote ulikuwa umemlegea.

"Renata..."

"Ulifikiri nimpe nani kiti chako?" Sasa machozi yalikuwa yanamtiririka na hajali nani anatazama. "Kila asubuhi nafukua. Majirani wananiomba ile nafasi nawakatalia. Wewe unakuja mpaka mlangoni, unakiona kiti, unashindwa kugonga?"

"Niliogopa atakayefungua."

"Ningefungua mimi. Nilikuwa peke yangu, Desmond. Krismasi yote, peke yangu."

Desmond akavua kofia. Aliwatazama wale watalii, akalitazama Haragwe kwa mara ya kwanza maishani mwake, akaona humo mwanamke mdogo mwenye koti jekundu na mwanaume mjinga mwenye kiti.

"Haya matembezi yako," akasema, "bado yana nafasi?"

"Yamejaa," Renata akasema.

"Ah, dada!" bibi harusi akalalamika. "Usiwe hivyo! Lete simu yako, leo nakupiga picha mimi."

Akawapiga. Kwenye picha hiyo wote wawili wana pua nyekundu, na kiti kiko katikati yao.

Jioni walipofika mtaani, mbele ya mlango palikuwa na gari jeusi la mtu wasiyemjua, limejibana ndani ya nafasi ya Renata vizuri kabisa. Bibi Halina alikuwa dirishani.

"SI UNGEKIACHA KITI, WEWE MPUMBAVU!"

"Shikamoo, bibi," Desmond akajibu.

Walizunguka mitaa mingi wakitafuta pa kuegesha, wakapata mbali, karibu na mto. Wakarudi kwa miguu kwenye theluji, Desmond amebeba kiti begani. Kulikuwa na mambo mengi ya kusemwa bado, na mengine yangeuma.

Jikoni, Desmond akasimama mbele ya meza. Upande wake palikuwa wazi, hapana kiti. Pale mbele ya ile nafasi kulikuwa na sahani, uma na kisu, vimepangwa, visafi.

"Ulikuwa na mgeni?"

"Hapana," Renata akasema. "Weka kiti."