Jia ya Chausiku

— Chausiku? Jia!

Wachezaji wakaangua kicheko. Chausiku akabaki kasimama nje ya chumba cha kubadilishia nguo, hotipoti la pilau mkononi, moyo umemlipuka paa.

Jia! Ananunua madera kwa jumla kwenye maduka ya Guangyuan Xilu, huku China, kupeleka Kariakoo, na neno hilo huwarushia wauzaji kila siku: jia, feki. Leo limetoka kinywani mwa Murshid, mchumba wake, ambaye wazee wake wa Tanga wanapeleka posa Ijumaa hii.

Akaliacha hotipoti mlangoni. Ndani ya teksi akaandika:

"Bwana Murshid, mzigo feki hauposwi. Waambie wazee wasijisumbue."

Simu ikaita, akaizima. Nyumbani, mtaa wa Xiaobei, alilia kwa kwikwi. Kauthar, anayeishi naye, alijaribu kumtetea shemeji yake.

— Jia ziko nyingi, shoga. Sauti ikizama ni feki, ikishuka ni mwanamke kuolewa. Huenda hukusikia vizuri.

— Ilizama. Na walicheka.

— Basi kamwambie usoni. Si leo anavunja rekodi?

Kweli, ilikuwa leo. Murshid alikuja China kusoma, akiwa mrusha mkuki. Mkono ule ukaonwa na makocha wa mpira wa Kimarekani, ule wa umbo la yai. Sasa alikuwa kwotabeki wa kulipwa, mrushaji anayeiongoza timu, na pasi moja tu ya bao ingempa rekodi ya ligi nzima. Chausiku alimpenda tangu akiwa mchezaji wa akiba, na hilo ndilo lililomuuma zaidi.

Walifika uwanjani dakika za mwisho zikiyoyoma. Murshid alipaza sauti:

— Chausiku!

Akaupokea mpira, akageuka kulia kama anayerusha. Wapinzani wote wakakimbilia kulia. Akaupeleka kushoto, mdakaji akaukuta yuko peke yake. Bao! Rekodi! Uwanja ukalipuka, Kauthar akamrukia shoga yake shingoni.

Murshid hakusubiri picha. Alikimbia hadi kwenye uzio, jasho likimtiririka.

— Chau, nimekosa nini?

— Uliniita feki mbele ya wenzako.

— Feki? Kwetu kwenye timu jia ni danganya toto, mpenzi. Hiyo pasi uliyoiona.

— Na jina langu limeingiaje?

— Nimeitoa kwako. Siku ile ulimwambia laoban, mwenye duka, humtaki na mzigo wake, ukaondoka mpaka kwenye lifti. Akakukimbilia na bei yako, na wewe wala hukuwa na nia ya kuondoka. Nikawasimulia wenzangu. Kila wakiisikia wanacheka.

Chausiku alijikaza asicheke, akashindwa. Aibu na furaha vilimjia kwa pamoja. Kumbe rekodi nzima imebeba jina lake!

— Sasa niambie, Murshid akasema. Ile meseji ulimaanisha, au ilikuwa jia?

— Jia.

Aliitamka kwa kuishusha sauti, wazi kabisa. Murshid hakuitambua. Yule mdakaji wa Kichina nyuma yake ndiye aliyeelewa kwanza. Akarusha kofia ngumu juu, akaanza kuwapigia wenzake kelele waje.

— Amesemaje? Murshid akauliza.

— Nimesema wazee waje Ijumaa, Chausiku akajibu. Na hotipoti langu liko wapi?

— Tulilimaliza kabla ya mechi.