Nilimfumania Mke Wangu na Chupa ya Wifi Yake

Nilimfumania!

Mke wangu wa ndoa ya miaka arobaini na tatu... jikoni kwangu... saa mbili asubuhi, jua linawaka... kifuniko mkono wa kushoto, chupa mkono wa kulia!

"Arlys! Unafanya nini hapo?!"

Akaruka kama kakanyaga kaa la moto.

"Mzee... si ulikuwa unakata majani?"

"Mashine imeishiwa mafuta! Hiyo chupa ya nini?"

Akaificha nyuma ya aproni. Mwanamke mzima, bibi wa wajukuu sita, anaficha chupa!

Wadau, kaeni vizuri. Hadi leo naandika hapa kwa hasira. Na mnanijua humu, mimi si mtu wa kutia chumvi. Hata yule kambare aliyeburuta trekta yangu hadi katikati ya mto alikuwa kambare wa kweli.

Kwa wageni wa ukurasa huu: naitwa Duane, fundi mstaafu wa maghala ya mahindi, Iowa, Marekani. Mji wetu una watu mia nane na wote wananiita Duane wa Nyama.

Harusi, msiba, mtoto kumaliza shule... naitwa mimi. Nyama ya bega la ng'ombe, kutwa nzima kwenye sufuria ya umeme, moto mdogo, mpaka ichambuke yenyewe. Unaisukuma ndani ya skonzi, unakula umesimama, mchuzi unakushuka hadi kwenye kiwiko.

Miaka thelathini na moja watu wanakula, wanafuta mdomo, wananiambia: "Si mbaya, Duane."

Huku kwetu "si mbaya" ndiyo sifa ya mwisho. Ukipita hapo umefika mbinguni.

Sasa siku hiyo ilikuwa ya mjukuu wangu Brynn. Kamaliza sekondari. Hakuomba gari, hakuomba simu.

"Babu, mimi nataka nyama yako tu."

Mtoto akikwambia hivyo utalala?

Wageni mia na ishirini, saa saba mchana, ndani ya banda la magari. Niliamka saa kumi na nusu alfajiri nikapanga sufuria nne mezani. Kila moja nikaibandika selotepu ya karatasi juu ya kifuniko, nikaandika kwa kalamu nene: DUANE.

Na sufuria hizi zina sheria moja. MOJA! Usifunue kifuniko! Ukifunua, joto lote linakimbia, unarudi nyuma nusu saa. Namjua jamaa alifunua mara tatu, nyama ikaiva Jumatano ya wiki iliyofuata.

Halafu mke wangu kafunua!

Nikampokonya chupa. Ndani kuna pilipili za njano za siki, vitunguu vya kukaanga... na mapande ya mafuta ya ng'ombe! Mafuta! Mimi ambaye hukata mafuta yote kabla ya kupika, kwa kisu, kwa uchungu!

Nikageuza chupa nione maandishi.

Jamani... mwandiko ule naujua tangu tunalala kitanda kimoja utotoni. LaVonne. Dada yangu wa damu!

"Wifi yako ndiye kakupa hii?!"

"Duane, nisikilize kwanza..."

"Nisikilize nini? Mke na wifi mtu mmeungana kunihujumu siku ya mjukuu wangu!"

Mnajiuliza kwa nini LaVonne anihujumu. Nitawaambia, sina aibu.

Zamani na yeye alikuwa analeta nyama. Mwaka mmoja kwenye chakula cha kanisa nikasimama mbele za watu nikasema nyama ya LaVonne inafaa kuzibia pancha ya trekta. Watu walicheka hadi kahawa ikawatoka puani. Tangu siku hiyo dada yangu akileta kitu ni saladi ya viazi tu. Hajawahi kusema neno.

Nikajua... kisasi hiki hapa, kimekaa miaka thelathini na moja kinaiva moto mdogo!

"Nipe dakika moja nikueleze," Arlys akasema.

"Toka jikoni kwangu!"

Akavua aproni. Akaikunja taratibu, akaiweka juu ya meza.

"Sawa. Leo pika mwenyewe."

Akachukua simu yake akatoka nje.

"LEO pika mwenyewe." Wadau, mmelisikia hilo neno? Mimi sikulisikia. Nilikuwa na povu mdomoni.

Nikamwaga chupa yote kwenye sinki. Nikazungushia vifuniko selotepu kama nafunga jeraha. Nikaketi mbele ya sufuria na kipigia nzi mkononi. Binti yangu alikuja kuchukua barafu nikampiga nacho kwenye vidole.

Saa saba ikafika. Banda limejaa, Brynn kavaa gauni jeupe, picha zake zimebandikwa hadi kwenye ngazi. Nikafunua kwa mbwembwe!

Wa kwanza kwenye foleni ni Verlyn, jirani yangu. Akauma.

Akatafuna.

Akatafuna...

Akaanza kuongelea mvua. Bado anatafuna.

"Vipi, Verlyn?"

Akameza kwa kuinamisha shingo kama kuku.

"Ni... tofauti."

TOFAUTI?!

Huku kwetu mtu hasemi chakula chako kibaya. Anasema ni tofauti. Bora angenizaba kibao!

Wa pili: "Mh, tofauti." Wa tatu: "Umefanya tofauti mwaka huu, eeh?" Nikaanza kuona skonzi zimefichwa nyuma ya vyungu vya maua. Mama mmoja kaiviringisha yake kwenye leso, kaitia mkobani. Mbwa wa Verlyn alipewa kipande, akachimba shimo, akakizika, akakaa pembeni kwa huzuni.

Halafu Brynn akauma.

Mtoto alijitahidi. Machozi yakamlengalenga.

"Babu... umechoka leo?"

Nikachukua kipande nikaonja mwenyewe. Kikavu kama kamba ya katani. Chumvi hadi ulimi ukakunjamana.

Mara gari likaingia uwanjani kwa kasi. LaVonne! Na Arlys pembeni yake! Wanashuka na sufuria nne zimefungwa kwa mataulo, mvuke unatoka.

Nikasema moyoni, haya, amekuja kunimaliza mbele za watu. Zamu yake.

Dada yangu akapaza sauti:

"Pisheni jamani, moto huu! Nyama ya Duane iliyobaki hii hapa! Ile ya kwanza ilikuwa ya majaribio!"

Nikatazama vifuniko.

Selotepu. Kalamu nene. Mwandiko wa LaVonne.

DUANE. DUANE. DUANE. DUANE.

Brynn akauma skonzi mpya, mchuzi ukamshuka hadi kwenye kiwiko.

"Hii ndiyo yako, babu!"

Nikawavuta wale wanawake wawili nyuma ya friji.

"Tangu lini?!"

Arlys hakupepesa jicho. "Tangu mwaka ule wa pancha. Unakata mafuta yote, unamwaga pakiti nne za supu ya kitunguu, unaongeza na chumvi juu. Nani ale? Ukienda kunyoa ndevu mimi namwaga mchuzi wako, natia chupa ya wifi."

"Na mimi nakuja nakula," LaVonne akasema, "nakwambia si mbaya."

"Kwa nini hukuniambia?"

"Ungesikia, we Duane?"

"Na leo?"

"Wifi alinipigia saa mbili analia. Nyama nilikuwa nayo, nikaweka moto mkubwa."

"Sasa kwa nini umeandika jina langu?!"

Akaniangalia kama tulipokuwa wadogo na mimi nimeanguka kwenye baiskeli.

"Kwa sababu mtoto aliomba nyama ya babu yake."

Hasira niliyokuwa nayo, wadau! Nilitafuta mtu wa kumgombeza nikazunguka friji lote. Aliyebaki ni mimi. Maana kuna kitu sijawaambia: ile nyama niliyoitukana kanisani, sikuwa nimeionja. Nilinusa tu harufu, nikaona foleni yake ni ndefu kuliko yangu. Wivu!

Nikatoka. Nikapanda juu ya sanduku la barafu. Nikabandua selotepu zote nne nikazifinyanga.

"SIKILIZENI! Nyama hii si yangu! Ni ya dada yangu LaVonne! Miaka thelathini na moja mmekula yake mkaniita mimi Duane wa Nyama! Na ile ya pancha nilimsingizia, hata sikuionja!"

Wakaendelea kutafuna.

Watu mia na ishirini. Nikasubiri wagune, washangae, hata mmoja azimie.

Verlyn akainua kichwa, shavu limejaa.

"Tunajua, Duane. Sogeza skonzi."

WALIKUWA WANAJUA! Mji mzima! Mwenye duka anajua, kila nikipika LaVonne anamaliza pilipili za njano zote. Mchungaji anajua. Brynn anajua!

"Babu, mimi nilitaka yako tu," akacheka, "yako na bibi na bibi LaVonne."

Nikamgeukia dada yangu. Macho yamemjaa maji, lakini mdomo ule ule.

"Hotuba yako," akasema, "si mbaya."

Basi, somo ni hili, na nalisema kwa ukali kwa sababu linaniuma: ukimkuta mtu kafunua chungu chako, usianze na kelele. Chukua kijiko, onja kwanza. Na kama kuna mtu uliwahi kumfanya kichekesho mbele za watu bila kuonja alichopika, mpigie simu leo hii. Huenda ndiye amekushikilia jina lako miaka yote.

Na Arlys, najua unasoma hapa: bado nasema ulipoteza nusu saa!