Kutulia Si Kupona

Mimi nafuga kuku. Kila asubuhi nilikuwa naokota mayai na binti yangu, naye ananitania kwamba kuku nawasalimia kuliko watu. Kisha akaanza kusikia sauti za watu wasiokuwepo. Ugonjwa uleule wa marehemu mama yake.

Nikampeleka kliniki. Daktari mkuu ni yuleyule aliyemtibu mama yake. Akampa vidonge vilevile. Tuliporudi, hata usoni hakumtazama. Aliniuliza mimi.

"Ametulia?"

"Ametulia."

"Vizuri. Endeleeni."

Vizuri gani? Mtoto analala kutwa, mate yanamtoka. Mayai naokota peke yangu. Mama yake naye walisema ametulia, ametulia, mpaka tukamzika. Wakubwa hawa mshahara wanauona, mgonjwa hawamwoni.

Siku moja jirani yetu nesi alikuja kununua mayai. Akakuta banda nimeligawa kwa wavu.

"Mzee wa Kuku, mbona umewatenga?"

"Muuzaji anajisifu chakula chake kipya kinaleta mayai mengi. Mimi sidanganyiki. Huku wanakula kipya, kule cha zamani. Nitaona mwenyewe."

"Na wale wanono wako upande gani?"

"Nimewachanganya, dada! Nikiwaweka wote upande mmoja, si najidanganya?"

Nesi akacheka. "Basi dawa za watu nazo hupimwa hivyo. Wagonjwa wanaofanana, hawa wanapewa hii, wale ile. Kisha wanalinganishwa."

Niliweka trei ya mayai chini nisije nikaivunja kwa hasira. "Kumbe! Na hii ya binti yangu ilipimwa?"

"Ilipimwa, na wengi inawasaidia. Lakini si wote. Kwa hiyo kila mgonjwa lazima afuatiliwe. Alikuwaje kabla? Yukoje sasa? Na anaulizwa mwenyewe. Umemuuliza?"

Tukaingia ndani. Nesi akaketi kitandani kwa binti. "Mwanangu, zile sauti zimepungua?"

"Hazijapungua, shangazi," binti akajibu polepole. "Ila sina nguvu ya kuwaambia nyinyi."

Nikaruka. "Vidonge hivi natupa chooni sasa hivi!"

"Thubutu!" nesi akanikemea. "Ukimwachisha ghafla utamzidishia ugonjwa. Twende kwa daktari, binti aseme mwenyewe."

Tukaenda. Daktari akaanza wimbo wake: "Ametulia?"

"Muulize yeye!" nikafoka. "Mama yake alitulia mpaka kaburini, na hukumuuliza hata siku moja!"

Waliokuwa kwenye benchi nje wote walisikia. Daktari akavua miwani. Akamgeukia binti kwa mara ya kwanza. Akamuuliza habari za sauti, usingizi, chakula, kazi. Akaanza kumbadilishia dawa kidogo kidogo. Sasa kila tukirudi anamuuliza maswali yaleyale, alinganishe majibu na ya nyuma.

Sauti zimepungua. Binti anasema zimebaki kama redio ya jirani. Na kile chakula kipya cha kuku? Mayai ni yaleyale pande zote mbili. Muuzaji nimemrudishia gunia lake.

Jana binti aliamka kabla yangu, akaokota mayai, kisha akanigombeza mbele ya wateja kwamba banda linanuka. Hajatulia hata kidogo. Nikamsikiliza. Mama yake naye alikuwa na mdomo huohuo, kabla hawajamtuliza. Hilo siwasamehe.