Risasi ya Kubakia

Graciella alifika kumwacha mtoto saluni kwa Lucienne, mle ndani ya Galerie d'Ixelles, amechelewa tayari, na kabla hajafungua mdomo Lucienne akatikisa kichwa, mikono imezama kwenye nywele za mteja.

«Leo haiwezekane, mama. Kesho kuko mariage, bibi-arusi na batu yake bamejaa. Mutoto utamubeba weye mwenyewe.»

«Lucienne! Ku duka ya bunduki na mutoto?»

«Alors? Atajifunza kulenga.»

Saluni nzima ikacheka. Graciella naye akacheka, cheko la kuazima, akamfunga mwanawe mgongoni kwa kikwembe, akakaza fundo, akatoka mbio. Afanyeje? Banza, mumewe, hakuwa na kazi tangu watoke Zaire kuja huku kwa Wabelgiji. Ufagio wake ndio uliokuwa ukipika ugali.

Ilikuwa Novemba, jua limezama watu wakiwa bado makazini. Duka la bunduki alikofagia lilikuwa kwenye uchochoro wa nyuma, si mbali na barabara ya Chaussée d'Ixelles. Ndani mlinuka mafuta ya bunduki na ngozi kuukuu. Ukutani kilitundikwa kichwa cha elani, yule mnyama mkubwa wa nchi za theluji, pembe pana kama mabeleshi, na chini yake kichwa kidogo cha kulungu jike, macho ya kioo. Graciella hakuwahi kumpangusa yule jike bila kutazama pembeni.

Mzee Constant, Mbelgiji mwenye duka, alikuwa amepanga risasi juu ya kaunta, anamchagulia mteja atakayepita asubuhi akienda kuwinda. Alipenda kueleza mambo, hata kwa mfagiaji.

«Tazama, Madame,» akasema kwa Kifaransa chake cha taratibu. «Hii ina pua laini. Ikiingia inafunguka kama uyoga, inabaki mwilini. Hii nyingine imevikwa shaba mpaka puani, inaingia huku na kutokea kule. Kulungu mwili wake mwembamba, nyepesi inamtosha. Elani anataka nzito, la sivyo anakwenda kufia mbali. Lakini kwanza kabisa, tazama kilicho nyuma ya mnyama. Risasi haina macho.»

Akafunga mlango wa mbele kwa ufunguo, akashuka karakana ya chini. Tupa yake ikaanza kukwaruza chuma. Kwaru... kwaru...

Graciella akafagia.

Harufu ndiyo iliyotangulia. Nyasi zilizoungua. Mvua. Na maziwa... maziwa yaliyoanza kuchacha.

Kengele ya mlango haikulia.

Mwanamke alikuwa amesimama mbele ya kaunta. Mtu mweusi, mrefu, koti la kahawia limemlowa kifuani sehemu mbili, na Graciella akaujua unyevu ule papo hapo, maana na yeye humpata akichelewa kunyonyesha.

Lakini mwanamke hakuwa na mtoto.

«Bonsoir, maman,» Graciella akasema. «Duka imefungwa...»

«Jambo, mwana wa Likasi.» Sauti ya chini. Kiswahili cha kwao Likasi hasa. «Mutoto eko analala?»

«Eko analala, maman.»

«Jina yake nani?»

Hapo ndipo alipokosea. Bibi yake alimwonya tangu mimba: mtoto aliyepewa jina la marehemu, usilitaje kwa mgeni usiyemjua, maana somo hurithi jina na madeni yake. Lakini mtu mzima amekuuliza, adabu ni adabu, na ulimi ukamtangulia.

«Tshibangu. Ni jina ya babu yangu.»

Mwanamke akafumba macho kama mtu aliyetua mzigo.

«Tshibangu muwindaji.»

Graciella akauweka ufagio kifuani, kati yake na mwanamke.

«Alinipiga ku mto, magaribi sawa hii. Haiko ile njo inaniuma. Nyama ni nyama, na muwindaji eko na batoto. Lakini mutoto wangu alikuwa nyuma yangu. Tshibangu alimuona. Alimuona, mama... na akatia risasi ya kupita. Ikatupita bote babili.»

Akageuka, pole pole.

Mgongoni koti lilikuwa na tundu.

Na kupitia lile tundu, Graciella aliona taa ya kaunta inawaka.

Mwanamke akamgeukia tena, vidole viwili vyeusi, vigumu kama kwato, vikagonga kioo cha kaunta. Ko, ko.

«Chagua,» akanong'ona. «Ya kupita, ao ya kubakia?»

Kimbia! Ndivyo mwili ulivyomwambia, kimbia, teremka ngazi, mwite mzee! Lakini akikimbia atampa yule kiumbe mgongo. Na mgongoni yuko nani? Pumzi ya mtoto ilikuwa moto mdogo shingoni mwake.

Hakukimbia. Akasogea mbele, hatua, hatua nyingine, akanyoosha mkono, akaokota ile ya pua laini.

«Hii,» akasema. «Ya kubakia.»

«Haukuuliza itaingia kwa nani.»

«Najua.»

Tupa ya chini ilikuwa imenyamaza. Kiganja baridi kikaipokea risasi.

«Babu yako hakuchagua hivi,» mwanamke akasema.

Mzee Constant alipopanda ngazi alimkuta Graciella amesimama peke yake, uso kwa mlango, na mlango bado umefungwa.

«Madame ulikuwa unaongea na nani?» Kisha akainama juu ya kaunta, akakunja uso. «Moja haipo. Ya pua laini.»

Sakafuni palikuwa na matone ya maziwa. Akayaruka, akidhani ni ya mtoto.

Banza alisema ni uchovu. Hata hivyo kesho yake alimpeleka kwenye nyumba ya simu pale mtaani Matonge, wakapiga parokiani Likasi mpaka bibi akaitwa. Graciella akamwaga yote bila kupumua. Bibi hakushangaa. Aliuliza jambo moja tu.

«Ulichagua gani?»

«Ya kubakia, bibi.»

Bibi kizee akaanza kulia.

«Aksanti, mama. Aksanti ju ya ule mutoto.»

«Bibi, na miye je? Bibi?»

Simu ikakatika, na walipopiga tena hakuna aliyepokea.

Krismasi ilipofika Lucienne alimletea zawadi, ule mfuko wa kumbebea mtoto kifuani kama wafanyavyo wazungu. Graciella akaurudisha.

«Weye utabakia mushamba mpaka lini?» Lucienne akacheka.

Graciella anambeba mwanawe mgongoni, kikwembe kimekazwa. Na jioni nyingine, akishuka kutoka kazini, husikia nyuma yake juu ya mawe ya njia... ko, ko... ko, ko. Hakimbii. Anageuka, anaupa ule mlio kifua chake, anasimama wima.

Nyuma yake Tshibangu analala.