Aliyebonyeza Kubali

"Nani alibonyeza Kubali?"

Aliyeuliza ni binti wa nyumba ile, ambaye kwa kupenda ubishi wote walimwita Wakili. Baba yake, karani mstaafu, aliendelea kukoroga chai ambayo sukari yake ilishayeyuka zamani. Mama akafungua kinywa, ikatoka hewa tupu.

Maana sauti ya Mama ilikuwa inakwisha, na mganga aliyesimama pale sebuleni alitaka jibu.

Ilianza kwa jambo dogo. Mama alikuwa mwalimu wa chekechea. Kila alasiri alikaa mbele ya kompyuta ya nyumbani, akajirekodi nyimbo na hadithi fupi, kisha akawatumia wazazi ili watoto wasikilize. Siku moja aliurudia wimbo aliotoka kuurekodi, na mwishoni, baada ya yeye kunyamaza, akasikia mtu akivuta pumzi. Taratibu. Karibu kabisa na kipaza sauti.

"Ni feni hiyo," Baba akasema bila kuinua kichwa. "Umebonyeza nini?"

Umebonyeza nini! Katika nyumba ile kompyuta ikipata hata mafua, mshtakiwa alikuwa mmoja tu. Printa ikigoma, Mama. Maandishi yakivimba kama ya bango la barabarani, Mama. Na hakuna aliyejisumbua kukumbuka kwamba Baba ndiye aliyetunga sheria kuhusu visanduku vinavyochomoza kwenye skrini kuomba ruhusa. "Ukiulizwa, kubali, ikuache ufanye kazi yako," alisema. Basi wakawa wanakubali. Kusoma, hasomi mtu.

Baada ya pumzi ile Mama akaanza kukwaruza. Kila akirekodi, sauti ilipungua, na kwenye kompyuta zikaongezeka nyimbo ambazo hakuwahi kuziimba, kwa sauti yake mwenyewe, changa na tamu kuliko aliyokuwa nayo. Darasani alipiga makofi kuwaita watoto. Watoto wakamcheka, halafu wakaacha kumcheka.

Wakili alifanya yote anayoyajua mtu wa nyumbani. Akazima, akawasha. Akasasisha. Akaifuta programu ya kurekodi na kuiweka upya. Akaingia kwenye mipangilio, pale panapoonyesha programu zilizoruhusiwa kutumia kipaza sauti, akazizima moja baada ya nyingine. Moja ilikataa. Haikuwa na jina; pa kuandika jina palikuwa peupe, na alipopagusa kwa kidole skrini ilikuwa ya moto kama paji la uso la mgonjwa wa homa. Harufu ya nywele zilizoungua ikajaa sebuleni.

Waliita fundi. Akachomoa waya wa umeme ukutani, akaushika mkononi wote wauone, na spika zikaendelea kuimba.

"Dada yangu," alimnong'oneza Wakili, huku akirudi nyuma kuelekea mlangoni, "virusi mimi naviondoa. Hiki si kirusi."

Bisibisi yake aliiacha mezani. Hakuirudia.

Ndipo akaja mganga, mwanamke wa miwani minene, bado amevaa sare ya kazi yake ya mapokezi kwenye zahanati. Alinusa hewa, akamtazama Mama kooni.

"Jini halivunji mlango," alisema kwa sauti ya chini. "Lina adabu kuliko nyinyi. Lilibisha hodi, na mmoja wenu akasema karibu. Huyo huyo alifukuze kwa kinywa chake. Mwingine akisema ni kelele tu. Na fanyeni haraka, sauti ikihama yote hairudi."

Hapo ndipo Wakili alipouliza, na chai ikakorogwa.

"Baba," akaanza tena, "mipangilio inaonyesha programu ile isiyo na jina iliingia Ijumaa asubuhi. Mama alikuwa shule. Mimi chuo. Nyumbani alibaki nani, paka?"

"Unanihoji? Mimi baba yako?"

"Nakuhoji kwa heshima zote, Baba."

"Usimjibu, mume wangu."

Ilikuwa sauti ya Mama, laini, na ilitoka kwenye spika. Mama mwenyewe alikuwa kwenye kochi, midomo imefungwa, machozi yanamtiririka.

"Mtoto huyu amekosa adabu," sauti iliendelea. "Niache humu. Humu sichoki, sizeeki, wala sitakuuliza kitu."

Jua la mchana lilikuwa limejaa dirishani na nje jirani alikuwa anaanika nguo, lakini ndani ya chumba kile baridi ilipanda kutoka sakafuni ikawashika miguu, na Baba akamtazama mkewe, akaitazama skrini, akamtazama tena mkewe ambaye sasa alikuwa amejishika koo kwa mikono miwili kama mtu anayezuia kitu kisichomoke, na bado mtu mzima yule, na akili zake timamu, alikuwa anapima kati ya mkewe kuwa bubu na yeye kuonekana mjinga mbele ya binti yake.

"Baba!"

"Ni mimi," alisema. Kijiko kikaanguka. "Nilikuwa nasoma magazeti. Kikachomoza kisanduku: Unaniruhusu nisikilize? Nikabonyeza." Akaigeukia kompyuta. "Mimi niliyekukaribisha, nakutoa. Toka nyumbani kwangu."

Kikapigwa kilio, kirefu, cha mwanamke, kisha cha mtoto, kisha cha kitu kisicho mtu, kikazunguka kuta na kupita dirishani, na jirani nje akaangusha beseni lake.

Mama akakohoa. "Maji," alisema.

Baba alikimbia jikoni mwenyewe.

Hata glasi haijaisha, simu ya Mama ikalia. Alikuwa mzazi wa mmoja wa wanafunzi wake.

"Mwalimu, asante kwa wimbo mpya!"

"Wimbo gani?"

"Si huu ulioingia sasa hivi? Mtoto wangu amegandana na kompyuta, haambiliki. Tena kuna kisanduku kinaomba ruhusa, ngoja nimwache abonyeze mwenyewe, anavyopenda... Eh, Mwalimu! Mbona unaongea na mimi hapa, na huku bado unaimba?"

Mama alisimama, glasi ikamwagika.

"Mzazi," alimwambia, kwa sauti aliyorudishiwa muda huohuo, "nakuomba, mshike mtoto mkono, mtoe hapo."